Asali, gliserini na shubiri: Jinsi ya kuchanganya vivuta-unyevu katika mafuta ya ngozi yanayotengenezwa nyumbani

NGOZI ya mkaazi wa Ukambani hupata mtihani wake mkubwa kati ya Juni na Oktoba. Masika huwa imekwisha, mvua za vuli ambazo wakulima wa Kitui na Makueni huzitegemea zaidi hazijafika, na upepo huvuma ukibeba vumbi. Midomo hupasuka, miguu hupauka na visigino hufanya magaga ambayo kwa mtu anayetembea mwendo mrefu kwenda kuteka maji huwa ni maumivu ya kila siku.

Aghalabu wanaotafuta nafuu ya bei rahisi hukimbilia gliserini. Huinunua katika duka la dawa, huipaka jinsi ilivyo, na baada ya siku chache wapo wanaoshangaa kuona ngozi ikizidi kukaza badala ya kulainika. Wengine, baada ya kusikia kwamba asali na shubiri nazo hulainisha ngozi, huongeza vyote viwili katika kibuyu kimoja kwa matumaini kwamba vingi vitafanya kazi kuliko kimoja.

Viambato hivyo vitatu ni vya kundi moja, nalo ni kundi la vivuta-unyevu. Vinaweza kuchanganywa, na mchanganyiko mzuri hushinda kiambato kimoja kilichotiwa kwa wingi. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kati yavyo kinachozalisha maji. Kazi yake ni kuyavuta na kuyashika. Yasipokuwepo maji ya kuvutwa, wala mafuta ya kuyafunika yasiondoke, kuongeza vivuta-unyevu ni sawa na kuongeza mitungi katika kisima kilichokauka.

Maji hutoka wapi?

Tabaka la juu kabisa la ngozi huundwa na chembe bapa zilizokufa, zilizopangwa mithili ya matofali, huku katikati yake mkiwa na mafuta yanayofanya kazi ya udongo wa kujengea. Ndani ya matofali hayo mwili wenyewe umeweka vivuta-unyevu vya asili, vikiwemo yurea, asidi ya maziwa na mabaki ya protini. Tabaka hilo likiwa na afya hubeba maji ya kutosha kulifanya linyumbuke. Maji hayo yakipungua chini ya asilimia 10 hivi ya uzito wake, huanza kukakamaa, kuchanika na kutoa magamba.

Kivuta-unyevu kinapopakwa juu ya tabaka hilo huwa na visima viwili vya kuchota: hewa iliyo nje na mwili ulio ndani. Pwani, ambako hewa hubeba unyevu mwingi, gliserini hupata maji nje bila taabu. Watengenezaji wa vipodozi hutaja unyevu wa asilimia 70 kuwa ndio kiwango ambacho juu yake hewa husaidia kwa kweli. Alasiri ya Agosti mjini Kibwezi au Mutomo huwa mbali na kiwango hicho. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, gliserini hutulia ikiwa imeshika maji yenye uzito wa takriban robo ya uzito wake, na hewa ikizidi kukauka hushika kidogo zaidi ya hapo. Gliserini nzito iliyopakwa juu ya ngozi kavu itachota basi kutoka chini, na maji yanayopanda juu hupotelea hewani iwapo hakuna kinachoyazuia.

Wakaazi wa Kitui wanao mfano wa jambo hili mbele ya macho yao. Kaunti hiyo inajulikana duniani kwa mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazojengwa kukatiza mito ya msimu ili mchanga ujikusanye nyuma yake. Mchanga hushika maji baina ya punje zake, na tabaka la juu la mchanga huohuo huzuia jua lisiyafikie. Mto ambao haukupata mvua hauna maji ya kushikwa, hata ukuta ungekuwa mrefu namna gani. Ngozi nayo huhitaji mambo yayo hayo matatu: maji yenyewe, cha kuyashika, na cha kuyafunika.

Kila kiambato na tabia yake

Gliserini ndiyo inayofahamika zaidi na, kwa bei yake, ni vigumu kuipata mbadala. Iligunduliwa mwaka 1779 na mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alipochemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, na hadi leo kiasi kikubwa cha gliserini hupatikana kama zao la pili katika utengenezaji wa sabuni. Molekuli zake ni ndogo, hivyo hupenya hadi ndani ya tabaka la juu la ngozi. Mwaka 2003 Mariko Hara na Alan Verkman wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila protini inayopitisha gliserini kwenye ngozi walikuwa na ngozi kavu, na kwamba walipopewa gliserini hali hiyo ilirekebika. Kwa hivyo si jambo la kuvuta maji pekee. Gliserini ni sehemu ya utaratibu wa ngozi yenyewe.

Katika losheni, kiasi cha asilimia 3 hadi 10 hutosha. Kikizidi asilimia 20 mafuta hunata, huvuta vumbi, na katika barabara za Makueni wakati wa kiangazi hilo si jambo dogo.

Inunuliwe gliserini yenye alama ya BP, ambayo maana yake ni kuwa imefikia kiwango cha matumizi ya dawa. Ile ya viwandani inayouzwa kwa madumu bila maelezo iepukwe. Kemikali ya sumu iitwayo dayethilini glaikoli hufanana nayo kwa sura na imewahi kuchanganywa nayo kwa makosa au kwa hila mara kadhaa katika historia. Vifo vya watoto nchini Gambia mwaka 2022 vilihusishwa na dawa za kikohozi zilizokuwa na kemikali hiyo. Sumu hiyo hudhuru zaidi inapomezwa, lakini mafuta ya midomo humezwa, na watoto hulamba mikono.

Asali ni zao la nyumbani. Kitui, hasa upande wa Mwingi, imejijengea jina kwa asali kutoka mizinga ya magogo inayotundikwa mitini, na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimefanya kazi na wafugaji wa nyuki wa eneo hilo katika kuboresha uzalishaji na mauzo. Sehemu kubwa ya asali ni sukari mbili, za matunda na za zabibu, na kanuni za kimataifa za chakula zinataka maji yake yasizidi asilimia 20. Kwa kuwa ina kiu kubwa ya maji, asali iliyoachwa wazi wakati wa mvua huvuta unyevu na hatimaye huchacha. Kiu hiyohiyo ndiyo inayoifanya ifae ngozi. Zaidi ya hayo ina uchachu kiasi, jambo linaloafikiana na ngozi ambayo nayo kwa kawaida ni chachu kidogo.

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba kwa vile asali haiozi, krimu yenye asali haitaoza. Asali haiozi kwa sababu maji yake ni machache mno kwa vijidudu kuishi. Ikishatiwa katika losheni ambayo theluthi mbili yake ni maji, kinga hiyo hutoweka na sukari inayobaki huwa ni chakula cha kuvu na bakteria. Asilimia 2 hadi 5 yatosha. Kadhalika, isitumiwe katika mafuta ya mtoto aliye chini ya umri wa mwaka mmoja, wala isipakwe kwenye chuchu za mama anayenyonyesha, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazosababisha sumu ya botulizimu kwa watoto wachanga.

Shubiri, ambayo Wakamba huiita kiluma, huhitaji uangalifu kuliko zote. Jani lake lina vimiminika viwili tofauti. Chini tu ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu, unaoweza kuwasha ngozi na kusababisha mzio. Katikati mna ute mweupe usio na rangi kamili, na huo ndio unaotakiwa. Aina ya shubiri inayoota porini Ukambani si ile inayouzwa katika vipodozi vya kigeni, na inajulikana zaidi kwa utomvu kuliko kwa ute. Anayekamua jani zima hupata vyote viwili. Jani linapaswa kusimamishwa wima hadi utomvu udondoke wote, kisha limenywe na kuoshwa kabla ya ute kuchotwa.

Zaidi ya asilimia 98 ya ute huo ni maji. Kwa hiyo, ute wa shubiri katika krimu si kivuta-unyevu chenye nguvu kama gliserini. Uhesabiwe kama sehemu ya maji. Huharibika upesi pia, na ute mbichi ni mojawapo ya sababu kuu za krimu za nyumbani kubadilika rangi baada ya siku chache. Jambo jingine ni la kisheria. Uvunaji wa shubiri mwitu kwa biashara ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa amri ya rais mwaka 1986, na kanuni za mwaka 2007 ziliweka utaratibu wa leseni. Mche uliopandwa kando ya nyumba kwa matumizi ya familia ni jambo moja. Kung'oa viluma msituni kwa ajili ya kuuza ni jambo jingine.

Yurea nayo ni kivuta-unyevu bora, hasa kwa magaga. Ikiwa asilimia 5 hadi 10 hulainisha, na ikizidi 20 huanza kuyeyusha ngozi ngumu. Wakulima wanaifahamu yurea kama mbolea, na hapo ndipo penye hatari. Mbolea hiyo haikusafishwa kwa ajili ya ngozi na isitumiwe hata kidogo. Isitoshe, yurea iliyowekwa vibaya katika maji huvunjika polepole na kutoa amonia. Anayeihitaji ni heri anunue krimu iliyokwisha kutengenezwa.

Kuhusu asidi ya hayaluroniki, inayosifiwa katika matangazo kuwa hushika maji mara elfu ya uzito wake, inatosha kusema kwamba ni ghali, kwamba hutumika kwa kiasi cha chini ya asilimia 1, na kwamba molekuli zake kubwa hubaki juu ya ngozi kama utando. Anayekosa fedha za kuinunua hajapoteza mengi.

Kuchanganya kwa kipimo

Sababu ya kuchanganya vivuta-unyevu viwili ni kwamba kimoja hupenya na kingine hubaki juu. Gliserini huingia ndani, sukari za asali hukaa karibu na uso wa ngozi. Kwa kugawana kazi, kila kimoja hutiwa kidogo na mafuta hayanati. Hata hivyo, vyote hugombania maji yaleyale. Asilimia 5 ya gliserini ikijumlishwa na 2 ya asali huleta faida. 15 ikijumlishwa na 10 huleta utelezi na mnato, na ngozi haifaidiki zaidi. Jumla ya vivuta-unyevu vyote isizidi asilimia 10 hivi kwa losheni ya mwili mzima.

Kinachosahauliwa mara nyingi ni kifuniko. Mafuta ya mgando aliyoyapatia hataza Robert Chesebrough mwaka 1872 kwa jina la Vaseline hayajapata mshindani katika kuzuia maji yasitoke. Kwa anayependa mazao ya nyumbani, Ukambani ina utajiri wake. Mibuyu, au miamba kwa Kikamba, imetapakaa kuanzia Kibwezi hadi Mtito Andei na kusini mwa Kitui, na mbegu zake hutoa mafuta mepesi yanayofaa ngozi. Mafuta ya mbarika, yaani mbaiki, ni mazito na yametumiwa na vizazi vingi; ila mbegu zenyewe ni sumu, na mashapo yanayobaki baada ya kukamua yasiachwe mahali mbuzi wanapoweza kuyala. Nta ya nyuki, ambayo baadhi ya warina asali huitupa baada ya kukamua masega, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 na hufanya krimu iwe nzito na yenye kufunika. Thamani yake haijatambuliwa ipasavyo.

Asiyetaka shughuli ya kutengeneza krimu anayo njia rahisi, nayo ndiyo salama kupita zote. Achanganye kijiko kimoja cha chai cha gliserini na vijiko tisa vya maji safi, kiasi cha siku moja tu. Baada ya kuoga, kabla ngozi haijakauka kabisa, ajipake mchanganyiko huo, kisha juu yake apake mafuta ya mgando au ya mbarika. Kinachobaki kimwagwe. Hakuna kihifadhi kinachohitajika kwa kitu kisichohifadhiwa.

Kwa anayetaka krimu kamili ya gramu 100, kipimo hiki kinafaa: maji gramu 69, gliserini 5, asali 2, mafuta ya mbuyu au ya alizeti 15, nta ya kuunganisha maji na mafuta 6, nta ya nyuki 2, na kihifadhi 1. Vipimwe kwa mizani, si kwa vijiko, kwani gliserini na asali ni nzito kuliko maji. Nta ya nyuki peke yake haiunganishi maji na mafuta. Anayeikosa ile nta maalumu ataona krimu yake ikitengana.

Maji na gliserini vitiwe katika chombo kimoja, mafuta na nta zote mbili katika kingine. Vyombo vyote viwili vikalishwe ndani ya sufuria ya maji moto hadi vifike nyuzi 70 au 75. Mafuta yamiminwe ndani ya maji polepole huku yakikorogwa bila kusita, na kukoroga kuendelee hadi mchanganyiko ushuke chini ya nyuzi 40. Hapo ndipo asali na kihifadhi hutiwa.

Kipimo kibadilike kulingana na mahali. Katika vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako asubuhi za Julai huwa na ukungu na baridi, mafuta yanaweza kupunguzwa hadi gramu 12 na maji yakaongezwa kufidia. Katika tambarare za Kibwezi, Ikutha na Tseikuru, kinachoongezwa ni mafuta na nta ya nyuki. Gliserini ibaki palepale. Wengi hufanya kinyume.

Chumvi, vijidudu na soko

Maji ya visima vingi virefu vya Kitui na Makueni yana chumvi. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Kwa hakika huikoleza, kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki. Chumvi hiyo huweza kuvunja muungano wa maji na mafuta. Maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, yanayouzwa katika maduka ya dawa, ndiyo bora. Yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari yaachwe, kwa sababu duka lilelile huuza asidi ya betri katika chupa zinazofanana.

Krimu yenye maji bila kihifadhi huwa makao ya bakteria na kuvu ndani ya siku chache, hata kabla harufu haijabadilika, na kuipaka kwenye magaga yaliyochanika ni kuvipeleka vijidudu hivyo mahali pabaya kabisa. Fenoksiethanoli ni mojawapo ya vihifadhi vinavyopatikana. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 1. Vitamini E, inayotajwa sana katika maelekezo ya nyumbani, huzuia mafuta yasivunde lakini haiui bakteria. Maji ya ndimu hayafai vilevile. Hayahifadhi, na yakipakwa kisha mtu akatoka juani yanaweza kuiunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi kadhaa.

Krimu iwekwe katika chupa ya pampu au ya kukamua badala ya mkebe unaotiwa vidole, na ijaribiwe kwanza kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko kwa siku mbili. Baadhi ya watu wana mzio wa mazao ya nyuki bila kujua. Baada ya miezi mitatu itupwe.

Vikundi vinavyotaka kuuza bidhaa zao vinahitaji alama ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, na lebo inayotaja viambato vyote. Si urasimu mtupu. Mtengenezaji wa nyumbani hawezi kuona bakteria kwa macho, na vipimo vya maabara ndivyo pekee vinavyoonyesha iwapo kihifadhi kinafanya kazi.

Mwenye ugonjwa wa kisukari ambaye visigino vyake vimepasuka hadi kutoa damu au usaha asianze na krimu ya aina yoyote, iwe ya nyumbani au ya dukani. Mishipa ya fahamu ya miguu yake huenda imefifia kiasi cha kutohisi maumivu, na ufa mdogo unaweza kugeuka kidonda ndugu. Aende zahanati kwanza.